Taa ya mfuko wa hewa haizimiki na nina kiti cha mtoto kisicho na kitabu: nimweke mtoto wapi?

MamaNeema_Isevya (Tabora)

Habari zenu ndugu zangu. Naomba ushauri wa wenye ujuzi wa magari na wa watu wa afya pia, kwa kuwa suala langu linagusa pande zote mbili. Tumenunua Toyota Noah iliyotumika Japani, na mwisho wa mwezi huu tunatarajia kumrudisha mama mkwe nyumbani kwake Kasulu, kwa njia ya Urambo, Kaliua, Nguruka na Uvinza. Ndani ya gari tutakuwa mume wangu ambaye ndiye atakayeendesha, mimi, mama mkwe, wifi yangu ambaye ni mjamzito wa miezi saba, binti yangu wa miaka mitano na mdogo wake wa miezi minane mwenye kilo tisa.

Rafiki yangu aliyehama ametuachia kiti cha mtoto cha kufungwa kwenye gari. Hakina kitabu cha maelekezo, na hapa mtaani kila mtu ananieleza lake: mmoja anasema mtoto atazame mbele ili aone njia, mwingine anasema atazame nyuma. Mama mkwe naye anaona kiti hicho kitamtesa mjukuu wake kwa safari ndefu kama hiyo. Ameshauri ambebe mwenyewe mapajani na kumfunga kwa kitenge, kama alivyowabeba watoto wake wote kwenye mabasi. Ninamheshimu sana na nisingependa kumbishia bila kuwa na maelezo ya kutosha.

Jambo jingine ni dashibodi. Kuna taa nyekundu yenye picha ya mtu aliyekaa, na mbele yake kuna duara kama mpira. Taa hiyo haizimiki hata gari likitembea. Aliyetuuzia alisema magari ya Japani ndivyo yalivyo na tusiwe na wasiwasi. Jirani yetu anasema ni taa ya mfuko wa hewa, na kwamba kwa kuwa inawaka maana yake mfuko umekufa, hivyo naweza kumweka mtoto kiti cha mbele kando ya dereva bila hofu. Je, ni kweli? Nimweke wapi?

FundiUmeme_Tabora

Mama Neema, hongera kwa gari, na umefanya vema kuuliza kabla ya safari. Nianze na la jirani yako kwa sababu ndilo la hatari kuliko yote uliyoyataja. Jirani amepatia jina la taa, lakini hitimisho lake si sahihi hata kidogo. Taa hiyo, ambayo kwenye magari mengine huandikwa SRS, inasema kwamba kompyuta ya mifuko ya hewa imegundua hitilafu mahali fulani katika mfumo wake. Haisemi hitilafu iko wapi, wala haisemi kwamba mfuko wa upande wa abiria umezimwa. Hitilafu inaweza kuwa kwenye waya wa usukani, huku mfuko wa mbele ya abiria ukiwa mzima kabisa na tayari kufumuka. Mfuko huo hujaa gesi ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na kiti cha mtoto anayetazama nyuma hukaa karibu sana nao, kiasi kwamba ukifumuka unagonga mgongo wa kiti pale pale kilipo kichwa cha mtoto. Ndiyo maana kwenye kizuizi cha jua upande wa abiria, katika magari mengi, utaona picha ya kiti cha mtoto iliyokatwa kwa mstari mwekundu. Mtoto anayetazama nyuma hawekwi mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi, na mfuko wenye taa ya hitilafu tunauhesabu kuwa unafanya kazi mpaka fundi athibitishe vinginevyo.

Kwa upande mwingine, taa hiyo hiyo inakuonya kwamba siku ya ajali mifuko inaweza isifumuke pale inapohitajika. Kuna jambo ambalo wenye magari wengi hawalifahamu: katika magari mengi mfumo huo ndio unaosimamia pia kifaa kinachoukaza mkanda wa kiti cha mbele kwa mlipuko mdogo mara gari linapogonga. Taa ikiwaka, usitegemee kwamba mkanda utakazwa.

Sasa chanzo. Kwa Noah na magari mengi ya aina hiyo, mimi huanza kwa kuangalia chini ya viti vya mbele. Huko kuna nyaya zenye soketi za rangi ya manjano, na hiyo ndiyo rangi ya mfumo wa mifuko ya hewa. Mtu akisogeza kiti mbele na nyuma mara nyingi, au akisukumia chini yake jeki, dumu au viatu, soketi hulegea na taa huwaka. Sehemu ya pili ni ndani ya usukani, ambako kuna utepe wa waya uliojikunja unaozunguka pamoja na usukani. Ukikatika, mara nyingi honi nayo hugoma, kwa hiyo jaribu honi na uniambie.

Tafadhali asiguse mtu soketi hizo kwa kubahatisha. Toyota inaelekeza kufungua waya wa negativu wa betri na kusubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote, kwa sababu kompyuta hubaki na umeme wa akiba. Vilevile, fundi anayepima nyaya za manjano kwa taa ya majaribio anaweza kulipua mfuko usoni mwake mwenyewe. Tafuta anayepima gari kwa mashine, asome namba ya hitilafu kwanza, ndipo afungue.

Kuna jambo moja linanisikitisha sana katika kazi hii, na ninaliandika hapa ili lisaidie kila anayenunua gari lililotumika. Wapo wanaochoka na taa hii wakaing'oa balbu, au wakaifunika kwa karatasi nyeusi, au wakaiunganisha na waya wa taa nyingine ili izimike nayo. Wewe angalau ya kwako inasema ukweli. Ukitaka kujua kama taa ya gari lolote ni ya kweli, zungusha ufunguo hadi kwenye swichi bila kuwasha injini, kisha tulia utazame dashibodi. Taa nyingi zitawaka pamoja. Taa ya mfuko wa hewa kwenye Toyota inatakiwa kubaki inawaka kwa sekunde kama 6 na kuzimika yenyewe, injini ikiwa bado haijawashwa, wakati taa ya oili na ya betri zinaendelea kuwaka. Ikiwa haikuwaka kabisa, imeondolewa au imekufa. Ikiwa inangoja injini iwake ndipo izimike sambamba na taa ya oili, kuna mtu aliyeichezea, na pengine ndani ya usukani hamna mfuko wowote kwa sababu ulifumuka katika ajali ya zamani.

Hata taa ikizimika, fanya jambo moja zaidi. Mifuko iliyotengenezwa na kampuni ya Takata iliwekwa katika mamilioni ya magari ya kampuni mbalimbali, na kemikali iliyomo ndani ya baadhi yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, kiasi kwamba mfuko unapolipuka kopo lake la chuma hupasuka na kurusha vipande kwa abiria. Magari hayo yaliitwa kurudi viwandani, lakini magari yaliyouzwa nje ya nchi ya kwanza ni rahisi kusahaulika, na kasoro hiyo haiwashi taa yoyote. Chukua namba ya chasisi, iingize kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa gari unaohusu magari yaliyoitwa kurekebishwa, uone jibu.

Muuguzi_Ujiji

Shikamoo zangu zimfikie mama mkwe, na mimi nazungumza kama mtu anayepokea majeruhi wa barabarani. Mama Neema, usimwambie kwamba alikosea kuwabeba watoto wake. Mabasi ya enzi hizo hayakuwa na mikanda wala viti vya watoto, na mikono yake ndiyo iliyokuwa ulinzi pekee. Mwambie hivi: gari likienda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo unaoruhusiwa katika maeneo ya makazi, kisha likagonga na kusimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo tisa anavuta mikono ya aliyembeba kwa nguvu inayolingana na mzigo unaozidi kilo 120. Hakuna mama wala baba wa kuuzuia. Ni sawa na kutaka kumdaka mtoto aliyeanguka kutoka urefu wa karibu mita 10. Kitenge nacho hakisaidii, kwa sababu kinamfunga mtoto kati ya kiti cha mbele na kifua cha mtu mzima anayemfuata kwa uzito wake wote. Na kumzungushia mtoto mkanda ule ule aliojifunga mtu mzima ni vibaya zaidi, maana mwili wa mtu mzima unambana mtoto juu ya mkanda.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mkanda wa usalama unaweza kupunguza hatari ya kifo kwa waliomo ndani ya gari hadi asilimia 50, na kwamba kwa watoto wachanga kiti chao maalumu kinaweza kupunguza vifo kwa asilimia 71. Nimependa kuitaja takwimu hiyo kwa sababu bibi anampenda mjukuu wake, na naamini akiielewa atakuwa wa kwanza kuuliza kiti kiko wapi.

Kuhusu kutazama mbele au nyuma, mtoto wa miezi minane anatazama nyuma. Kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, na mifupa ya shingo bado haijakomaa. Akitazama mbele, mabega yanazuiwa na mikanda huku kichwa kikirushwa, na mzigo wote unaishia shingoni. Akitazama nyuma, kichwa, shingo na mgongo vinasukumwa kwa pamoja kwenye ganda la kiti. Kanuni ya kimataifa ya viti inayoitwa R129 inataka mtoto abaki akitazama nyuma hadi apite miezi 15, na akiweza kuendelea zaidi ya hapo ni bora. Miguu yake kukunjwa isikutie hofu.

Binti wa miaka mitano bado si wa kufungwa mkanda wa watu wazima peke yake. Nimewaona watoto wa umri huo wenye alama ya mkanda iliyokatiza tumboni juu ya kitovu, na ndani matumbo yamechanika, kwa sababu mkanda haukukaa kwenye nyonga bali kwenye nyama laini. Anahitaji kiti cha kumwinua, hasa chenye egemeo la mgongo, ili mkanda wa chini ulale juu ya mapaja na wa juu upite katikati ya bega, mbali na shingo. Mto wa kochi haufai. Unabonyea na kuteleza, na mtoto anapita chini ya mkanda. Akiukwepa mkanda wa bega kwa kuuweka chini ya kwapa au nyuma ya mgongo, mrekebishe hapo hapo, hata ikibidi kusimama.

Wifi yako mjamzito ajifunge, tena kwa uangalifu zaidi: mkanda wa chini upite chini kabisa ya tumbo, ukilala kwenye mifupa ya nyonga, usipande juu ya mimba, wa juu upite kati ya matiti na kando ya tumbo. Akae wima. Akichoka msimame anyooshe miguu, lakini asilaze kiti akalala huku gari likienda, kwa sababu mkanda unabaki juu hewani na mwili unateleza chini yake. Hilo ni kwa kila abiria, nami naliona sana kwa watu wanaosinzia kiti cha mbele katika safari za usiku.

DerevaWaZamani_Kasulu

Wenzangu wamesema vizuri. Mimi naongeza yale ya njiani, kwa kuwa njia hiyo naijua.

Kwanza, kila mtu wa viti vya nyuma ajifunge, akiwemo bibi. Abiria wa nyuma asiyefungwa, gari likigonga, anakwenda kumpiga wa mbele kisogoni kwa uzito wake wote, na aliyefungwa vizuri anaumizwa na asiyefungwa. Kwenye michomoko, yaani magari madogo ya abiria, tumezoea kubanana wawili kiti kimoja na mkanda unabaki unaning'inia. Desturi hiyo msiingie nayo kwenye gari lenu. Mizigo mizito, yaani magunia, madumu ya mawese mtakapokuwa mnarudi, ndoo za asali mtakapokuwa mnakwenda, ikae chini nyuma ya kiti cha mwisho na ifungwe kamba, isipangwe usawa wa vichwa vya watu. Na maegemeo ya vichwa msiyang'oe. Sehemu ya juu ya egemeo ifike angalau usawa wa juu ya masikio.

Pili, kuna taa mbili ambazo watu huchanganya. Mtu mwenye mstari uliokatiza kifuani ni taa ya mkanda, na mtu mwenye mpira mbele yake ni ya mfuko wa hewa. Ya mkanda inaweza kuwaka na kupiga kelele hata ukiweka begi zito kiti cha mbele, na dawa yake ni kuhamisha begi. Tafadhali msinunue vile vipande vya chuma vinavyochomekwa kwenye kifungio ili kengele inyamaze. Mtu atakayekaa hapo kesho hatakumbushwa na chochote.

Kuhusu taa nyingine, rangi ndiyo mwongozo wa kwanza. Kijani na bluu zinakupa taarifa tu, mfano taa kubwa kuwaka, au, katika baadhi ya magari madogo yasiyo na mshale wa joto, kwamba injini bado ni ya baridi. Njano inataka uangalie mapema. Nyekundu ikiwaka gari likitembea inataka usimame mahali salama. Birika la oili likiwaka nyekundu, zima injini papo hapo, kwa sababu presha ya oili imeshuka na kila dakika unayoendelea inasaga vyuma. Usijiambie utafika Nguruka kwanza. Kipimajoto chekundu vilevile, na mfuniko wa rejeta usifunguliwe mpaka injini ipoe kabisa. Betri nyekundu kwa kawaida si betri, ni alteneta (kifaa cha kuzalisha umeme wa gari) haichaji au mkanda wake umekatika, na kama mkanda huo ndio unaozungusha pampu ya maji, injini itachemka muda si mrefu. Alama ya mshangao ndani ya duara ikibaki nyekundu wakati hendibreki umeishusha, tazama kikopo cha mafuta ya breki kabla ya kusogea hata mita moja. ABS (mfumo wa kuzuia matairi yasijifunge) ya njano peke yake inamaanisha breki za kawaida zipo ila matairi yanaweza kujifunga ukikanyaga kwa nguvu. Kwenye barabara ya vumbi na mawe waya za kwenye magurudumu hukatika kirahisi. Lakini ABS na ile nyekundu ya breki zikiwaka pamoja, simama.

MamaNeema_Isevya (Tabora)

Nawashukuru sana. Mama mkwe nimemsomea maelezo ya muuguzi, akauliza mara mbili kuhusu zile kilo 120, kisha akasema mtoto akae kitini na yeye akae kando yake amshike mkono. Honi inafanya kazi. Kiti nimekigeuza nikaona stika ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara, imeandikwa kilo 0 hadi 18, na namba ndefu inayoanza na 04. Pembeni kuna alama za bluu na nyingine nyekundu. Hakina vyuma vya kuchomeka, kinafungwa kwa mkanda wa gari. Nitajuaje kama kimekaza?

FundiUmeme_Tabora

Honi ikilia, ninaegemea zaidi upande wa soketi za chini ya viti, lakini mashine ndiyo itakayosema.

Stika hiyo ni ya R44, kanuni ya viti iliyoitangulia R129 aliyoitaja muuguzi, na namba inayoanza na 04 ni toleo lake la mwisho, hivyo kwa upande huo kiti kinakubalika. Mwulize rafiki yako swali moja bila kuona haya: je, kiti hiki kimewahi kuwa ndani ya gari lililopata ajali? Kama ndiyo, au kama ganda lina ufa, au povu lake limevunjika, au mikanda imechanika pembeni, kiache. Tazama pia chini ya ganda, kuna kiduara kilichochapwa kwenye plastiki kinachoonyesha mwaka wa kutengenezwa. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha kati ya miaka 6 na 10.

Alama za bluu ni njia ya mkanda mtoto akitazama nyuma, na nyekundu ni akitazama mbele. Wewe fuata bluu tu, kwenye kiti cha safu ya kati pembeni, penye mkanda unaopita kiunoni na begani. Mkanda wa kiunoni peke yake hautoshi kwa kiti hiki. Kandamiza kiti kwa goti, vuta mkanda mpaka ulegevu wote uishe, hakikisha haujajipinda popote, kisha kishike pale mkanda unapopita na ukitikise: kisisogee zaidi ya upana wa kidole gumba, kama sentimita 2.5. Katika baadhi ya magari, ukiuvuta mkanda wote hadi mwisho wake na kuuachia, unarudi kwa kukwaruza kidogo kidogo na haukubali tena kutoka. Hali hiyo inafaa kwa kukaza kiti cha mtoto mdogo, lakini kwa binti wa miaka mitano uachie urudi wote kwanza ili ufanye kazi kama kawaida.

Mikanda ya ndani ya kiti, kwa mtoto anayetazama nyuma, itokee usawa wa mabega au chini yake kidogo. Mvue sweta zito na usimfunge akiwa ndani ya blanketi. Mfunge kwanza, blanketi ije juu. Baada ya kukaza, jaribu kuufinya mkanda begani kwa vidole viwili. Ukiweza kushika mkunjo, bado umelegea. Rudia jaribio hilo kila mnaposimama, Urambo, Kaliua na kuendelea, kwa sababu mtoto akitolewa kunyonya na kurudishwa, watu husahau kukaza tena.